Siku Mama Alipokunywa Chai ya Maziwa

Nyumbani kwetu Cibitoke, mtaa wa Bujumbura, kulikuwa na sheria moja tu isiyokuwa na mjadala: maziwa hayapikwi. Ungeweza kuchelewa misa, ungeweza kuvunja sahani, ungeweza hata kumjibu mama kwa sauti na ukabaki hai wa kusimulia. Lakini kuyaweka maziwa ya ng'ombe wetu kwenye moto, hapana. Mama alikulia Mugamba, kwenye milima ya baridi na ng'ombe, na watu wa zamani wa kule waliamini kwamba moto unaochemsha maziwa jikoni unamfuata ng'ombe mpaka kwenye chuchu. Chuchu zinapasuka, maziwa yanakatika, na ng'ombe anabaki anakutazama.

Hayo yangebaki mambo ya ndani, yasimhusu mtu mwingine, kama tusingekuwa tunauza maziwa. Na tuliyauza Bujumbura, mji ambao asubuhi isiyo na chai ya maziwa ni asubuhi iliyoharibika. Yaani mama aliwauzia maziwa watu wa chai kwa sharti kwamba wasiyatie kwenye chai. Mfanyabiashara yeyote ukimweleza hivyo atakucheka mpaka ashike mbavu. Mama hakuona kichekesho kiko wapi, na wateja hakuwahi kuwakosa.

Biashara yenyewe ilianza bila mtu kuipanga. Baba ni mtu wa Uvira, hapo ng'ambo ya ziwa, Kongo, na maisha yake yote alikuwa mpagazi bandarini. Alipomwoa mama, babu wa Mugamba alimpa binti yake ng'ombe jike mwekundu aondoke naye. Ng'ombe alishushwa kwenye lori mbele ya nyumba, mtaa mzima ukitazama, na baba, ambaye alikuwa akibeba magunia ya simenti mgongoni bila kulalamika, alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Mpaka leo nikitaka kumchokoza baba namkumbusha ukuta ule.

Mwanzoni mama aliyagawa maziwa bure. Kwao maziwa hupewa mtu, hayauzwi. Kuyauza ilikuwa aibu. Majirani walipokea kwa furaha kubwa, kama unavyoweza kufikiria. Kisha majani ya kulisha yakawa yanaletwa kutoka bonde la Rusizi kwa baiskeli za kukodi, na baba akaanza kusema kwamba kuna mnyama ndani ya nyumba hii anayekula vizuri kuliko mwenye nyumba. Mama akakubali kuuza, ila kwa namna yake. Hakutaka watu wapange foleni kwenye lango lake kama kwenye baa. Maziwa atayapeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa mtu, aone anayanywa nani, na nyumba yake ikoje, na watoto wake wananawa mikono au vipi. Maji hatayatia. Na siku ng'ombe akitoa kidogo, atasema wazi kuwa ametoa kidogo, na kila nyumba itapunguziwa sawa na nyingine. Hapo mama hakuwa na mchezo kabisa. Nimemwona akirudi nyumba baada ya nyumba kueleza kwamba jana alikosea kipimo.

Mimi nilipokua nikairithi baiskeli. Sisi wa nyumba ile tulikuwa mabinti tu, kwa hiyo msichana mwenye bido, lile kopo la maziwa lenye shingo na mfuniko, nyuma ya baiskeli akawa mimi, na kila asubuhi vijana wa gereji walikuwa na la kusema. Nami nilikuwa na la kuwajibu. Nina ulimi, sikatai, na ulimi huo niliunoa barabara ya kutoka Cibitoke kwenda Nyakabiga.

Tulikuwa na mabido mawili ya aluminiamu, moja kubwa na moja dogo, na hapa nieleze jambo moja la kazi. Maziwa ya kupeleka kwa baiskeli lazima yajae mpaka shingoni mwa bido. Yakijaa yanatulia kimya, hata upite kwenye mashimo namna gani. Yakiwa nusu yanapigwapigwa njia nzima, chubu, chubu, na ukifika kwa mteja unakuta yameanza kutoa siagi juu, vipandevipande vidogo vya njano. Kwa hiyo siku ya maziwa mengi ni bido kubwa, siku ya maziwa kidogo ni bido dogo. Wateja walijua. Wakiniona kwa mbali na bido dogo walikuwa wanatoa sufuria ndogo kabla sijashuka.

Nyakabiga ndiko wateja wetu wengi walikokuwa, nyumba zimebanana, huku nyuma ya kila duka kuna familia. Na Nyakabiga nzima walikuwa wanapika maziwa. Kila nyumba. Nilijua, walijua kwamba najua, na hatukuzungumza. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja wa kona, mjane mwenye macho makali na wajukuu wengi, na siku ya kwanza niliyopeleka maziwa badala ya mama alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "We, unaripoti?"

"Apana, Bibi."

"Mungu akubariki," akasema, akamimina maziwa yangu moja kwa moja kwenye sufuria iliyokuwa tayari jikoni.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Baada ya misa mama alipenda kuwazungukia wateja, kusalimia tu, na pua ya mama inasikia harufu ya maziwa yaliyopikwa kutoka mwisho wa mtaa. Kwa hiyo Jumapili bibi wa kona alikuwa anakaanga vitunguu. Jirani yake naye anakaanga vitunguu. Mama akitokea tu barabarani watoto wanakimbia mbele kutangaza, na mtaa mzima unanuka vitunguu kama kuna harusi. Mama alikuwa akirudi nyumbani anamwambia baba kwamba watu wa Nyakabiga ni wazuri sana, ila wanakula vitunguu vingi, na labda ndiyo sababu hawaumwi kifua.

Baba hakuwa akijibu, kwa kuwa naye alikuwa na siri yake. Karibu na lango la bandari kulikuwa na kafeteria ndogo, mabenchi machache na jiko la makaa, na baba alikuwa anapita pale kila siku kabla ya kazi kunywa chai ya maziwa. Ya maziwa ya unga, tafadhali, baba hakuwa msaliti wa kiasi hicho. Lakini ilikuwa chai ya maziwa.

Hapo kafeteria ndipo nilipopatia matatizo yangu. Siku moja nilitumwa kumpelekea baba funguo alizosahau, nikamkuta na kikombe mkononi na povu kwenye masharubu. Aliniomba nikae, akaniagizia chai ili nami niwe na hatia. Kijana aliyeileta ndiye aliyekuwa mwenye kafeteria. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa anainua sufuria kutoka kwenye moto wakati uleule maziwa yanapotaka kumwagika, bila hata kutazama, huku anaongea na mteja. Sijui kwa nini hilo lilinigusa, lakini lilinigusa. Wiki ile baba alisahau vitu vingi sana nyumbani, na vyote nilivipeleka mimi.

Sitawachosha na habari za mapenzi, kila mtu ana zake. Niseme tu kwamba tulipoamua kuoana, tulikaa tukatafuta vikwazo kama watu wenye akili, na hatukuviona. Dini moja, hata parokia moja. Kiswahili kilekile, Kirundi kilekile. Yeye ana kazi, mimi nina kazi. Kilichobaki ni kwamba yeye alikuwa anaishi kwa kupika maziwa, na mimi nilikuwa binti wa mama yangu.

Alikuja nyumbani na mjomba wake kujitambulisha. Mama alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea glasi kubwa ya maziwa mabichi yaliyotoka kwa ng'ombe muda uleule. Mwenzangu alikuwa hajawahi kunywa maziwa mabichi tangu azaliwe.

"Kunywa, mutoto," mama akamwambia.

"Merci, Mama."

"Yote."

Aliyanywa yote. Nilimwona jasho likimtoka. Mjomba wake aliendelea na hotuba ya ukoo, na mwenzangu akaomba radhi, akaenda uani, akarudi, akakaa kwa adabu, akaenda tena. Baba alikuwa anatazama dari. Mama alisubiri mpaka wageni wakaondoka, ndipo akasema.

"Ni mutoto muzuri. Anakunywa bila kukunja uso. Lakini mutu mwenye anapika maziwa kila siku, mi nitamupa mutoto wangu namna gani? Leo anapika ya unga. Kesho bibi yake, uyu mutoto wangu, anatoka kwangu na bido ya maziwa, atafanya nini na ile? Atapika. Na ng'ombe yetu itakauka."

"Mama watoto," baba akasema, "kutoka bandarini mpaka hapa, ng'ombe itasikia namna gani?"

"We unajua nini ya ng'ombe? We ni mutu wa magunia."

Basi nikakaa na jibu mdomoni ambalo sikuweza kulitoa. Ningesema tu: Mama, Nyakabiga nzima wanapika maziwa yako tangu kabla sijazaliwa, na ng'ombe hajakauka. Ningeshinda palepale. Na kesho yake mama angelipeleka bido mtaa mwingine, na bibi wa kona na wajukuu wake wangebaki na chai kavu, bila maziwa. Nilikasirika mpaka nikawa najibu watu ovyo barabarani. Kukaa na ushahidi wote mkononi na kulazimika kunyamaza, kwa mtu wa ulimi kama mimi, ni adhabu.

Mama hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anaogopa. Ng'ombe wetu aliyekuwa akikamuliwa wakati ule, mwekundu pia, alikuwa wa uzao wa yule wa babu, na babu alikuwa ameshafariki. Mama hakubakiwa na kitu kingine cha kwao Mugamba isipokuwa ng'ombe huyo. Aliniona sili vizuri, akaniona nazunguka na uso umevimba, naye akawa hapati usingizi. Mwishowe akanijia jikoni akiwa ameshaamua.

"Nitakunywa iyo chai," akasema. "Nitaenda kwake, atapika mbele yangu. Maziwa yetu, haiko ya unga, ya unga haituambii kitu. Asubuhi yake tutamuuliza ng'ombe. Akitoa kama kawaida, muolewane, mi sina neno. Akikata, unaachana naye na hautaniletea tena iyo maneno. Unakubali?"

Nilikubali haraka mno. Mimi nilijua ninachojua kuhusu Nyakabiga. Nilimrukia mama shingoni, akashangaa.

Tulikwenda Jumapili, bandari ikiwa imetulia. Mama alivaa imvutano, vazi lake la harusi na sikukuu, na kwenye teksi alipakata bido dogo la maziwa kama amebeba mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mwenzangu alikuwa amefunga kafeteria kwa wateja, amesugua kila kitu, hata makaa nadhani aliyapangusa. Tukaketi mama, baba na mimi.

Aliyamimina maziwa kwenye sufuria, akaishika juu ya jiko, akasita. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, unaweza kumuambia ng'ombe pole, kabla niweke kwa moto?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha yule kijana kusema hivyo, nami sikuwa nimemfundisha. Mama akainuka, akageukia upande wa Cibitoke, akaweka mkono juu ya bido tupu, akasema maneno machache kwa Kirundi. Nilisikia moja tu, umbabarire, yaani unisamehe. Akakaa.

Maziwa yakawekwa motoni. Mama alisogeza benchi karibu ili aone. Mwanamke yule ameshika maziwa tangu utotoni, ameyakamua, ameyagandisha, ameyapiga siagi, anayajua kwa harufu yaliyolala na yasiyolala, na hakuwa amewahi kuona maziwa yakichemka. Yalipoanza kupanda aliruka kutoka kwenye benchi.

"Inapanda! Inakimbia! Kamata, kamata!"

Mwenzangu akainua sufuria, maziwa yakashuka. Mama alikuwa ameshika kifua. "Mi sikujua maziwa inaweza kusimama," akasema.

Wakati huohuo baba, bila kufikiri, alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kikombe cha bluu chenye mpini uliokatika, akakiweka mbele yake kusubiri chai. Mama akakitazama kikombe, akamtazama baba.

"Kumbe uko na kikombe yako hapa."

Baba akainua mikono yote miwili, akasalimu amri. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi mama alikuwa anakunywa. Alikunywa polepole, akipuliza. Alimaliza kikombe chote, akakiweka chini.

"Ni tamu," akasema, kwa huzuni kabisa.

Tulirudi jioni na muda wa kukamua ulikuwa umepita. Mama alikataa kumgusa ng'ombe. Alisema mikono yake ina moto, na mimi akanikataza kwa kuwa nami nilikuwa nimekunywa, miye na kiherehere changu. Baba naye alikuwa amekunywa, lakini mama alisema ng'ombe hamhesabu baba. Basi akaingia bandani mtu wa magunia. Tulisikia kelele, kisha teke kwenye ndoo, kisha baba akatoka na maziwa zaidi kwenye suruali kuliko kwenye ndoo, akatangaza kwamba amemaliza.

Asubuhi mama aliamka kabla yetu sote. Alinawa mikono kwa maji moto na sabuni, akanawa tena, akaingia bandani peke yake akafunga mlango. Nilipotoka uani nilimkuta baba amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, rozari mkononi, na mwenzangu naye ameshafika kutoka bandarini kwa baiskeli, ameegemea ukuta. Hakuwa amefungua kafeteria. Wapagazi siku ile walikunywa chai kwa watu wengine. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya kwa nguvu, na sikuweza kusikia maziwa yakiingia kwenye ndoo.

Mlango ukafunguka. Mama alitoka amebeba bido kubwa kwa mikono miwili, limefunikwa.

"Ametoa namna gani?" baba akauliza.

"Kama kawaida," mama akasema.

Mwenzangu aliruka juu akagonga kichwa kwenye bati la banda. Baba alipiga ishara ya msalaba, akamkumbatia, wakaanza kuimba na kwaya ya redio, nami nikawa nalia na kucheka kwa pamoja. Mama hakusimama kwa hayo. Aliliweka bido kwenye baiskeli, akalifunga kwa mipira mwenyewe, kazi ambayo kila siku ni yangu.

"Nenda," akaniambia. "Watu wanangojea."

Nilipanda baiskeli nikiwa mwepesi, naimba. Nilitoka langoni, nikafika kwenye lile shimo la kwanza ambalo miaka yote nimelipita nimefumba macho, na bido nyuma yangu likasema chubu.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikakanyaga tena. Chubu, chubu.

Nilisimama. Sikuhitaji kufungua mfuniko. Bido halikuwa limejaa hata nusu. Ilikuwa siku ya bido dogo, na mama alikuwa amechukua kubwa, akalibeba kwa mikono miwili kama linavyobebwa likiwa limejaa, mbele ya baba asiyejua kitu na mbele ya kijana asiyejua kitu. Niligeuka. Alikuwa amesimama langoni ananiangalia. Alijua nimesikia. Akanipungia mkono niende, kwa ukali, kama anavyofukuza kuku.

Mimi ninasema ilikuwa mikono ya baba. Ng'ombe akikamuliwa vibaya jioni, asubuhi anabana maziwa, kila mfugaji anajua. Lakini mama hakuamini mikono ya baba. Mama aliamini kwamba amemchoma ng'ombe wa babu kwa kikombe kimoja cha chai, kwamba ameuliza na amejibiwa, na jibu ni hapana. Akafungua mlango wa banda akiwa na jibu hilo, akatutazama nyuso zetu, na yeye ambaye hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu maziwa, hata kijiko, akasema kama kawaida. Nilikaa juu ya baiskeli katikati ya barabara nikamlilia mama yangu. Sikuwahi kumpenda hivyo kabla, na nilikuwa nadhani nampenda sana.

Bibi wa kona alikuwa ananisubiri mlangoni. Habari za mama kunywa chai zilikuwa zimeshafika Nyakabiga kabla yangu, sijui kwa njia gani, na mtaa mzima ulitaka kujua ng'ombe amesemaje, kwani ng'ombe akikataa, nao wamekwisha. Aliona bido kubwa, akatabasamu, akatoa sufuria kubwa. Nikampimia. Haikufika hata nusu, na juu yake vipande vya siagi vilikuwa vinaelea.

Akaitazama sufuria. Akanitazama macho yangu yaliyovimba.

"Leo ametoa namna gani?" akauliza.

"Kama kawaida, Bibi."

Akaitikisa sufuria kidogo, akatazama siagi inavyozunguka. Kisha akageuka nyuma akapaza sauti kwa jirani yake, jirani naye akapaza kwa mwingine, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mtaa: "Ametoa kama kawaida!" Na kila nyumba niliyofika walinipa sufuria kubwa, wakapokea maziwa ya kufunika chini tu, wakasema merci, kama kawaida, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hawa ni watu ambao siku nyingine wangenigombeza kwa povu tu lililozidi kwenye kipimo.

Nilirudi na bido tupu. Mama alikuwa uani, amekwisha paka chuchu za ng'ombe siagi, anafua matambara ya kukamulia.

"Wanasema nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wanasema kama kawaida."

Akafua kidogo. "Bon," akasema. "Muambie uyo mutoto wa chai alete wazee wake."

Ng'ombe alirudi kwenye hali yake baada ya siku chache, na kipindi chote hicho mama alipeleka maziwa nami, kwa miguu, akimwambia kila mteja kwamba anapunguza kwa sababu zake. Sasa mambo ya maziwa ninayasimamia mimi. Ng'ombe wameongezeka, baiskeli imekuwa pikipiki, na baba amestaafu lakini kikombe chake cha bluu bado kiko kazini. Mama akija kwetu haigusi chai ya maziwa. Mume wangu humpikia ya kavu, yenye tangawizi, na sijamwambia kitu mpaka leo. Akimkabidhi kikombe hujawa na furaha ileile ya kugonga bati, humuuliza, "Mama, ile siku ng'ombe alitukubalia, sivyo?"

Mama hunitazama mimi kwanza.

"Kama kawaida, mutoto wangu," humjibu. "Kama kawaida."